Kipoza Joto cha Zamani Kinaenda Embu

Makutano, Meru
Jumamosi jioni

Nkirote mwanangu,

Salamu nitakupa kwa mdomo ukirudi kutoka Kibirichia, kwa hivyo hapa naziruka. Wewe na baba yako mmeenda kumuaga nyanya yako, na kama ninavyomjua hatawaachilia kabla hamjala mara ya pili. Mimi niko dukani, mlango nimeurudisha nusu. Kompyuta yako iko mbele yangu juu ya meza ya kazi, ubavu wazi, inafanya ile kazi nzito tuliyoipa: kuchora jumba zima la ghorofa na vivuli vyake vyote, ikimaliza inaanza upya. Feni inavuma. Nikiandika kidogo, naangalia joto. Si tulikubaliana hivyo? Likivuka pale tulipoweka mpaka, mashine inabaki Makutano na wewe unaenda Embu mikono mitupu. Lisipovuka, kesho inapanda gari pamoja nawe.

Sitaandika habari za kula, kufua na kuamka mapema. Hayo nyanya yako anakwambia sasa hivi, na atayarudia kwa simu. Nitaandika habari za kipoza joto, kwa sababu wiki hii hatujazungumza lingine, na kwa sababu kuna mambo ambayo siwezi kuyasema vizuri nikiwa nimeshika bisibisi.

Nianze Jumanne. Uliingia dukani umeibeba hiyo mashine kama mtu aliyetoka hospitalini na mtoto mchanga. Bodi mpya, prosesa mpya, vyote umenunua mwenyewe kwa kazi zako za kuchora. Juu ya prosesa ulikuwa umefunga kipoza joto changu cha zamani, lile bonge la alumini lenye kitako cha shaba ambalo limekaa kwenye rafu yangu tangu ukiwa shule ya msingi. Uso wako ulikuwa unang'aa.

"Mathe, imeingia," ukasema. "Miguu yote minne imelia tik. Tikisa uone."

Nikatikisa. Hakikucheza hata kidogo.

"Umeangalia chini yake?"

"Chini wapi? Si imeshika?"

"Imeshika bodi. Nauliza kama imegusa prosesa."

"Ai, Mama! Itashika bodi na isiguse prosesa, kwani inaelea?"

Nilicheka kwa sababu lilikuwa swali zuri. Kisha nikakwambia ukitoe tuone, na hapo kicheko kikaisha. Ulisema siamini kazi ya mkono wako. Ulisema kama ungekuwa mvulana ningepiga picha tu na kuwaonyesha marafiki. Yule mteja aliyeleta printa akageuka ukutani akajifanya anasoma bango la bei, ambalo unajua lina mistari mitatu tu.

Lakini ulikitoa. Nataka ujue niliona hilo. Ulikuwa umekasirika na bado ukafungua mguu mmoja baada ya mwingine, kwa mshazari, jinsi inavyotakiwa.

Na tuliona nini? Pesti, ile dawa nyeupe inayopakwa katikati ili joto la prosesa lipite kwenda kwenye shaba, upande mmoja ilikuwa imebanwa ikawa nyembamba kama ukungu kwenye kioo. Upande wa pili ilikuwa bado bonge, vile vile ulivyoiweka, hata alama ya mdomo wa bomba ilionekana. Bodi hii mpya matundu yake yameachana zaidi ya yale ya zamani kwa milimita tatu. Wewe uliivuta miguu ya plastiki kwa nje mpaka ikayafikia. Tena prosesa yenyewe imekaa chini kuliko zile ambazo kipoza joto hiki kilitengenezewa. Kwa hivyo kilikuwa kimeshika kwa nguvu zake zote, na nusu yake haikuwa imegusa kitu.

Uliigusa ile pesti kwa kidole. Kisha ukauliza kwa sauti ndogo, "Sasa Jumatatu naenda na nini?"

Nilijua ile ofisi ya Embu ya kuchora ramani za majengo iliyokupa kazi imeandika wazi: kila mtu aje na mashine yake, kazi ya kwanza ionekane siku hiyo hiyo, na kuna wengine wanaongoja kiti hicho. Nilijua pia kwamba mfuko wako ulikuwa umeishia kwenye prosesa. Nilikwambia tu, "Tutaona," na ukaenda zako nyumbani kwa hasira. Jioni hiyo niliandika katika shajara yangu: *Matundu hayalingani. Urefu haulingani. Waya wa feni unalingana. N. amenikasirikia, ana haki kidogo.*

Nimeangalia sasa hivi. Nyuzi sabini na mbili. Inapanda polepole, kama mtu anayepanda mlima huku akiongea.

Jumatano nyanya yako akashuka mjini. Wewe ulikuwa umetoka, kwa hivyo sehemu hii huijui. Alikuja na mfuko wa viazi na kifurushi alichokishika kama sadaka. Akakifungua mezani: kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya waridi kwenye pindo, kikubwa kinachotosha kufunika kompyuta yote hadi miguuni.

"Cha wajina wangu," akasema. "Kompyuta yake haiwezi kwenda Embu uchi."

Nkirote, ungefanya nini? Yule ni mama mkwe wangu na wewe una jina lake. Na mimi sina mdomo wa kumcheka. Unakumbuka kompyuta yetu ya kwanza ya nyumbani? Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa chai, nami nikaivalisha vitambaa juu, mbele na nyuma, ilingane na makochi. Niliiacha ikiwaka ili wageni wasikie inavuma ndani ya nguo zake. Tulipofika kwenye maombi ya kufunga, harufu ilikuwa imejaa sebuleni, na mama mmoja akauliza kama tumesahau kitu jikoni. Wewe ndiwe uliyesema mbele ya wote, "Ni kompyuta ya Mama inaungua." Mimi, fundi, ninayewaambia watu kila siku waache nafasi ya hewa! Niliangalia kinachopendeza macho ya wageni nikasahau ninachokijua mwenyewe. Nimefanya hivyo mara nyingine pia, si kwa kompyuta tu, na kila mara wageni waliondoka na mimi nikabaki na harufu.

Basi nikamuuliza nyanya yako, "Mama, viazi vyako ghalani unavifunika blanketi?"

Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Blanketi ya nini? Viazi vinapumua. Ukivifunika vinapata joto katikati, na juu huoni kitu."

"Unajuaje vimepata joto kama juu huoni?"

"Si unaingiza mkono! Mama Nkirote, wewe umeolewa kwetu lini? Unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, katikati ya rundo. Hapo kukiwa na joto, unavianika siku hiyo hiyo."

"Na hii mashine pia inapumua," nikasema, nikamwonyesha matundu ya hewa.

Akainama, akaweka kiganja kwenye tundu la nyuma, akasikia upepo wa moto. Kisha akaanza kukunja kitambaa chake. "Ungeniambia inapumua," akasema. "Nimefuma wiki mbili mnaniangalia tu."

Kitambaa hicho kiko hapa. Usimwambie hukipokei. Kibodi haipumui, ifunike nacho, na vumbi la Embu halina tofauti na la hapa.

Alipoondoka nilibaki nawaza ule mkono wake. Mimi na wewe tunajisifu kwa kupima, lakini yeye ndiye aliyenifundisha kutoridhika na ngozi ya juu ya rundo, siku za kwanza nilipoolewa, nilipohesabu magunia nikasema yako sawa kwa sababu yalikuwa yameshonwa vizuri. Alifungua moja mbele yangu. Katikati viazi vilikuwa vimeoza.

Sasa nikwambie kipoza joto chenyewe kilitoka wapi, maana huwa unakiita "urithi" kwa utani na hujui ni urithi wa nani. Kilitoka kwa Mzee Idi, yule mwenye bucha upande wa pili wa barabara. Alikuwa na kompyuta kubwa aliyouziwa na mtu wa Nairobi, akaiweka kwenye kona kati ya mizani na jiko la kuchomea nyama. Siku moja akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, watu wote wakisikia:

"Mama Kompyuta! Njoo uokoe maisha! Mashine yangu inalia kama mbuzi aliyeona kisu!"

Nilipoifungua, sikuona alumini. Moshi na mafuta ya nyama vilikuwa vimeshikana na vumbi vikawa kama sufi nyeusi, na feni ilikuwa inazunguka juu ya sufi. Nilikiosha kipoza joto hicho mara kadhaa mpaka shaba ikaonekana. Mashine ilirudi kufanya kazi, na alipokuja kununua nyingine ndogo, akanipa ile ya zamani. "Chukua chuma chako," akasema. "Wewe ndiwe wa kwanza kukiona ni cha rangi gani." Kompyuta hiyo ndiyo iliyoanzisha duka hili. Ilichapa barua za nusu ya Makutano. Ilipochoka, nilihifadhi kipoza joto peke yake kwa sababu alumini na shaba havizeeki kama vitu vingine vinavyozeeka. Kinachobadilika ni kile kinachowekwa chini yake.

Kwa hiyo ulipokichukua rafuni bila kuniuliza, nilifurahi. Hilo sikukwambia Jumanne. Nilikuwa nashughulika na milimita.

Sabini na sita.

Alhamisi ndiyo siku niliyoipenda wiki hii yote. Ulikuja asubuhi kabla sijafungua, ukiwa na kipande cha boksi ulichokitoboa matundu manne, umekilinganisha na bodi. Hukusalimia. Ulisema, "Miguu ya kile kitu imeshikwa na skrubu. Si tunaweza kuitoa tuweke mirefu?" Nilikuwa nimewaza hivyo hivyo usiku, lakini nilinyamaza, maana wazo lilikuwa limetoka kwako likiwa limekamilika. Tukaenda kwa fundi wa milango pale nyuma ya steji ya matatu. Alipoona kipande chako cha boksi akauliza ni mlango wa panya au wa kuku. Ukamjibu ni mlango wa joto, kata tu. Akakata bati nene vipande viwili, na wewe mwenyewe ukashika drili. Tulifunga kwa skrubu zenye springi, na bati lingine nyuma ya bodi ili isipinde, tukakaza kidogo kidogo kwa mshazari.

Ulitaka kuiwasha palepale. Kisha ukasimama. Bila mimi kusema neno, ukaanza kufungua tena.

Tukainama wote wawili. Pesti ilikuwa imetandazwa kila pembe, nyembamba, kama siagi ya mtu mchoyo juu ya mkate. Ulinipiga begani. Uliniambia, "Mathe, hiyo sasa imegusa," na nikajua wewe ni fundi.

Ijumaa tukagombana tena, lakini hiyo ilikuwa ya heshima. Joto lilipaa mpaka mashine ikaanza kujipunguza yenyewe, nami nikasema tuingie kwenye mipangilio tuipunguzie umeme inaoruhusiwa kula. Ulisema hukununua nguvu ili uifunge kamba. Hoja yako ni nzuri. Yangu ilikuwa hivi: kipoza joto hiki kilizaliwa kubeba mzigo fulani, na prosesa yako ikiachiwa inaweza kutoa zaidi. Ikitoa kadiri inayobebeka, itachora siku nzima bila kusimama. Ikiachiwa, itakimbia dakika chache, ichemke, isimame, ikimbie tena. Ulipima mwenyewe kazi ile ile mara mbili, na tofauti ya muda ilikuwa ndogo kuliko ulivyodhani. Siku utakaponunua kipoza joto kikubwa, ondoa kamba. Sasa hivi ndicho tulicho nacho, na kinatosha kazi ya Jumatatu.

Kuna jambo moja la Embu ambalo unalijua nusu. Nyanya yako huwa anasema, "Mama yako alifukuzwa Embu," halafu mnacheka. Sikufukuzwa. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata nafasi katika duka moja la kutengeneza kompyuta huko. Jumamosi moja nilipewa mashine ya mteja nifunge kipoza joto. Kikakataa kukaa. Niliona aibu kuuliza, nikakisukuma kwa mikono miwili na kifua. Bodi ikalia krak. Mwenye duka akaja.

"Uliangalia kwanza?"

"Niliangalia."

Alijua sikuangalia. Hakusema kitu, akaibeba mashine akaenda nayo ndani. Kile kimya nikakisoma vile nilivyotaka kukisoma. Jioni nikachukua mkoba wangu na Jumatatu sikurudi. Nikaolewa Kibirichia, nikakaa shambani nikichagua viazi, nikiwaambia watu Embu hakuna kazi.

Wewe ulikuwa tayari unatembea siku mwenye duka huyo alipokuja Kibirichia kununua viazi vya mbegu. Alinitambua kabla mimi sijamtambua.

"Wewe msichana wa Meru! Ulipotelea wapi?"

Nikasema maneno fulani ya kujitetea, hata siyakumbuki. Akatikisa kichwa. "Ile Jumatatu nilikutolea bodi nyingine mbovu," akasema, "uivunje vizuri mpaka ujue. Niliiacha pale mezani wiki nzima. Nilijua tu utakuja."

Alinunua viazi vyake akaenda. Nilisimama na debe mkononi. Kupasua bodi kulinigharimu siku moja ya aibu. Kutorudi Jumatatu kulinigharimu miaka ambayo ningekuwa fundi. Mwezi uliofuata ndio nilianza kuja Makutano kutafuta chumba na kutengeneza kompyuta za watu, na Mzee Idi akaniita kutoka ng'ambo ya barabara. Sikwambii haya ili unihurumie. Mambo yangu yaliishia vizuri, na hapa nilipo ninapapenda. Nakwambia kwa sababu na wewe unaenda mji ule ule, na siku moja huko kitu kitalia krak mkononi mwako.

Nimenyanyuka kuangalia. Sabini na nane, na imekaa hapo tangu nianze habari za Embu. Mpaka wetu ulikuwa themanini na tano. Huko kuna joto zaidi kidogo kuliko hapa, hilo nililihesabu. Nimeweka pia kiganja nyuma kama nyanya yako. Upepo unatoka wa moto, wenye nguvu, hauna harufu ya kitu.

Kwa hivyo inaenda. Nikwambie ukweli mmoja kisha nifunge: tangu saa kumi nimekuwa naangalia namba hiyo, na kuna sehemu yangu ndogo iliyokuwa inaiombea ipande. Ingepanda ungebaki, angalau wiki nyingine, tungetafuta njia, ungenipiga begani tena. Sehemu hiyo sikuiacha ishike kipanya. Namba utakayoikuta mezani ni namba yenyewe.

Limebaki moja. Kipoza joto hiki ni kizito, na barabara ya kwenda Embu ina matuta. Kikisafiri kikiwa kimefungwa kitaning'inia na kuivuta bodi. Kesho asubuhi tutakitoa na nitakifunga kwenye gazeti peke yake. Utakirudisha mwenyewe, chumbani kwako, Jumapili jioni, bila mtu wa kukuuliza kama umeangalia chini.

Ndani ya boksi la skrubu nimekuwekea pesti ya kupaka mara mbili. Ya kwanza ni ya kufunga, kufungua, na kutazama. Ya pili ni ya kukaa. Usione vibaya kuitumia ile ya kwanza. Ndiyo sababu ipo.

Nimesikia gari la baba yako likipinda kwenye duka. Umeshashuka, unaita kutoka nje kama Mzee Idi: "Mathe! Imefika ngapi?"

Ingia uangalie mwenyewe.

Mama yako